Uji wa nafaka nzima unataka muda, si sukari

Visiwani uji una heshima, ila tumeufungia mahali pamoja. Ramadhani ikiingia, hapana nyumba isiyoinjika sufuria ya uji kabla ya magharibi. Mzazi hupikiwa uji wa pilipili manga, na mgonjwa hupelekewa uji kwenye chupa ya chai. Ukiandama mwezi wa Mfunguo Mosi, uji unasahauliwa, na asubuhi tunarejea kwenye chai ya sukari kwa boflo, maandazi au chapati, unga mweupe siku zote. Mtoto hutoka kwenda skuli ameshiba, na kabla ya saa nne njaa imeshamshika.

Uji wa mtama, ulezi, uwele au ngano isiyokobolewa ni chakula cha asubuhi chenye nguvu ya kumfikisha mtu mchana, na bei yake haiumizi. Unastahili kupikwa tangu Mfunguo Mosi hadi Shaabani. Wengi walioukataa wana sababu zao: unakwaruza koo, una ukakasi, unanuka unga mbichi, haunyweki bila ya sukari nyingi. Malalamiko hayo ni ya kweli, na karibu yote yanatokana na jambo moja. Uji waliokunywa haukuwa umeiva.

Uji wa sembe au wa unga wa mchele hushikana ndani ya dakika tano, na mpishi akiuona mzito huuteremsha. Nafaka yenye pumba haiendi kwa hesabu hiyo. Wanga wa ngano huanza kulainika maji yakifika karibu nyuzi 60 za Selsiasi, lakini wa mtama hungoja hadi karibu nyuzi 70, na chembe zake zimezungukwa na protini ngumu inayozuia maji kupenya. Pumba nayo hunywa maji polepole. Kwa hiyo uji wa mtama unaweza kuonekana mzito na bado ukawa mbichi ndani. Anayeuonja wakati huo huongeza sukari ili afunike ubichi, na hapo ndipo uji unapoharibika mara mbili.

Punje ya nafaka ina sehemu tatu. Nje ni pumba, yenye nyuzinyuzi na madini. Pembeni kuna kiini, ambacho ndicho kingeota, chenye mafuta na vitamini. Kilichobaki, na ndicho kingi, ni wanga. Kukoboa huondoa pumba na kiini na kutuachia wanga. Unga unakuwa mweupe na unakaa muda mrefu dukani, lakini nyuzinyuzi zinazoifanya shibe idumu na choo kiwe laini zimekwenda na pumba.

Tuanze na ulezi, kwa sababu ndio rahisi kupatikana na ndio unaosamehe makosa ya mpishi. Punje zake ni ndogo mno, na ganda limeshikamana nazo hivi kwamba hazikobolewi kwa urahisi. Ukinunua ulezi wa punje ukausaga, unga wake ni wa nafaka nzima moja kwa moja, huhitaji kumuuliza mtu. Gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340 za kalisi, wakati maziwa ya ng'ombe ya uzito huo yana kama 120. Mwili hauichukui kalisi yote ya kwenye nafaka, maana pumba ina asidi ya faiteti inayoshika madini, na ndiyo sababu moja ya kulowesha kama nitakavyoeleza.

Adui wa ulezi ni mchanga. Mara nyingi hupurwa chini, na punje zikiwa ndogo hivyo, ungo peke yake hautoshi. Pepeta kwanza utoe makapi. Kisha tia ulezi ndani ya sufuria pana, mimina maji mengi, zungusha kwa mkono, na hapo hapo uumiminie ulezi unaoelea katikati ya maji kwenye chombo cha pili. Mchanga ni mzito, utabaki chini. Rudia mara nne au tano, mpaka ukipapasa chini ya sufuria husikii kitu. Tandaza kwenye kitambaa safi juani kwa siku nzima, ukiugeuza kila baada ya muda. Usiusage ukiwa na unyevu hata kidogo: unga utaganda na kuota kuvu. Wakati wa masika, jua lisipoaminika, osha kidogo kidogo, kiasi cha wiki mbili tu.

Mtama ndio nafaka ya mkate wa mofa, na wenyeji wa sehemu za maweni waliulima kwa sababu huvumilia ukame na ardhi yenye mawe. Siku hizi mwingi unaouzwa Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake huvushwa kutoka Bara, ambako mikoa ya Dodoma na Singida inasifika kwa mtama na uwele. Angalia rangi. Mtama mweupe una ladha nyororo, unafaa kwa anayeanza na kwa watoto. Baadhi ya mtama mwekundu una tanini nyingi, ile ile inayolipa ukakasi bibo la mkorosho au ndizi changa, na tanini hupunguza chuma ambacho mwili ungekipata. Kama mwekundu ndio uliopo, uloweshe punje usiku kucha, mwaga maji yake, kausha, saga, kisha changanya nusu kwa nusu na mweupe.

Uwele una ladha nzuri kuliko zote kwa maoni yangu, unakaribia ladha ya karanga. Lakini una mafuta mengi, kama asilimia 5, na unga wake huanza kuwa mchungu ndani ya siku chache katika joto letu. Usage wa wiki moja, basi. Aliyewahi kunywa uji wa uwele mchungu akadhani ndiyo ladha yake, kwa kawaida alipewa unga uliokwisha chakaa.

Ngano nzima tunaijua kwenye boko boko na kwenye shurba. Ngano hiyo hiyo ikipaazwa, yaani ikivunjwavunjwa bila ya kusagwa kuwa unga, hutoa uji wa kutafuna kidogo ambao watu wazima huupenda. Shayiri na oti zina nyuzinyuzi zinazoitwa betaglukani, zile zinazoufanya uji uvutike. Gramu 3 kwa siku za nyuzinyuzi hizo husaidia kushusha kolesteroli. Waislamu wengi wanaijua talbina, uji wa unga wa shayiri kwa maziwa na asali, na huo unafaa asubuhi ya siku yoyote. Tahadhari moja tu dukani: shayiri nyingi inayouzwa ikiwa nyeupe na ya mviringo imeshasuguliwa pumba. Tafuta yenye rangi ya hudhurungi. Oti za kwenye kopo au boksi ni nafaka nzima pia, hata zile bapa, ila kwa bei ya boksi moja utapata kilo kadhaa za mtama.

Sasa mashineni. Nunua punje, si unga, kila unapoweza. Unga wa nafaka nzima una kiini ndani yake, na mafuta ya kiini yakikutana na hewa huanza kuchacha. Unga uliokaa dukani kwa miezi unaweza kuwa umeharibika bila ya kuonesha dalili yoyote kwa macho. Weka chembe kwenye ulimi: ukisikia ukali unaobaki kooni, uache. Mwambie msagaji atie chekeche ya unga wa kawaida kwa ulezi, na chekeche yenye matundu makubwa kwa mtama ukitaka chenga. Kilo ya kwanza inayotoka itakuwa na mabaki ya mahindi ya aliyetangulia. Hayana madhara, lakini kama una mtu asiyekula ngano kwa sababu ya maradhi, hakikisha mashine haikutoka kusaga ngano.

Unga hutoka mashineni ukiwa wa moto. Usiufungie kwenye ndoo vile vile. Utandaze kwenye sinia mpaka upoe kabisa, ndipo uutie kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana. Ukifungwa na joto lake, mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko, na baada ya wiki unakuta madonge yenye harufu ya ukungu. Kabatini, unga wa ulezi au mtama utakaa wiki tatu hivi. Kwenye friji, miezi miwili. Punje zikikaa kavu na bila ya fukusi, hukaa miezi mingi, na hiyo ndiyo akiba ya maana.

Neno moja kuhusu unga wa lishe, ule uliochanganywa ulezi, mtama, mchele, soya na karanga, ukauzwa pakiti moja. Nia yake ni njema, lakini sishauri. Karanga zikishasagwa huchacha haraka na kuuharibu unga wote, na karanga ndizo mojawapo ya vyakula vinavyoshambuliwa sana na sumukuvu zikihifadhiwa vibaya. Soya isipokaangwa au kuchemshwa vizuri kabla ya kusagwa ina viini vinavyozuia protini isimeng'enywe. Nafaka saga peke yake. Karanga zichague kwa mkono, tupa zilizosinyaa na zenye weusi, zikaange, zitwange kidogo na uzitie kwenye uji siku ile ile.

Usiku

Kazi ya uji wa nafaka nzima hufanyika usiku, na inachukua dakika mbili. Kwa watu wanne chukua kikombe kimoja cha chai cha unga, kilichosawazishwa, ambacho ni kama gramu 120. Kitie kwenye bakuli kubwa, mimina mililita 300 za maji safi yaliyochemshwa yakapoa, koroga mpaka pasiwe na madonge, funika kwa sahani na uache juu ya meza. Bakuli lisijae, maana mchanganyiko huumuka kidogo.

Kufikia asubuhi mambo mawili yamefanyika. Pumba imekunywa maji, kwa hiyo itaiva mapema. Na bakteria wa asili wa nafaka wameanza kuuchachua unga, wakatoa asidi ile ile ya kwenye maziwa ya mgando. Uchachu huo huvunja faiteti, ukaachia chuma na zinki vitumike na mwili, na hufanya protini ya mtama imeng'enywe vizuri zaidi. Wakati wa kaskazi, joto likiwa kali, saa nane zinatosha. Wakati wa kipupwe zifikishe kumi na mbili. Asiyependa uchachu kabisa aweke bakuli kwenye friji: pumba italainika bila ya kuchacha sana.

Uchachu mzuri unanukia mtindi, na juu kuna vipovu vidogo. Ukiona utando wenye nywele, au doa la waridi, la kijani au jeusi, au ukisikia harufu ya kitu kilichooza, mwaga wote na uoshe bakuli kwa maji ya moto. Usijaribu kuondoa sehemu iliyoharibika ukapika iliyobaki. Anayetaka uchachu wa namna moja kila siku abakishe vijiko viwili vya mchanganyiko wa leo, avitie kwenye unga wa kesho.

Asubuhi

Injika mililita 700 za maji pamoja na chumvi ya kubana kwa vidole viwili na kijiti kidogo cha mdalasini. Kama umekuna nazi, tumia tui la pili mahali pa sehemu ya maji haya. Ni jepesi, linavumilia kuchemka. Maji yakitokota, koroga bakuli la unga, kwa sababu unga utakuwa umetuama chini, kisha umimine kwa mkondo mwembamba huku mkono wa pili unakoroga kwa mwiko bila ya kusita.

Madonge hutokea pale unga mkavu unapokutana na maji ya moto. Upande wa nje wa donge huiva papo hapo ukawa gamba, na maji hayaingii tena ndani. Ndiyo maana unga unakorogwa kwanza na maji baridi. Donge lililokwisha kufanyika halivunjiki kwa kupikwa zaidi. Lichuje kwa chungio, au lisage kwenye blenda, na uendelee.

Uji ukianza kutokota na kuwa mzito, baada ya dakika nne au tano, punguza moto. Kwenye jiko la gesi teremsha mpaka mwisho. Kwenye seredani ondoa baadhi ya makaa na yaliyobaki uyafunike majivu. Funika sufuria nusu, kwani ukiifunika yote uji utafura na kumwagika. Sasa uache uive: ulezi dakika 15 hadi 20, mtama 25, uwele 20. Koroga kila baada ya dakika mbili tatu ukipitisha mwiko chini kabisa ya sufuria. Weka kando kikombe cha maji ya moto, na uji ukizidi uzito kabla ya muda wake ongeza kidogo kidogo. Maji baridi huushusha joto na kukurudisha nyuma.

Utajuaje umeiva? Rangi imekolea na uji una mng'ao. Harufu ya unga mbichi imekwenda. Lakini kipimo cha uhakika ni ulimi. Weka tone, lisugue kwa ulimi kwenye kaakaa. Ukihisi uchangachanga, bado. Ukihisi ulaini wenye chembe laini za pumba, basi umeiva.

Ukisikia harufu ya kuungua, usikorogee chini. Mimina uji kwenye sufuria nyengine bila ya kukwangua, na kilichoshika kibaki kilipo. Ukikwangua, harufu itaenea kote na hakuna kiungo kitakachoiondoa. Sufuria nyembamba ya bati ndiyo inayounguza mara nyingi. Nzito hutawanya joto.

Sukari, kama unatia, itie mwisho. Sukari ikitangulia huyanyang'anya maji na wanga hauivi vizuri, na isitoshe hushika chini ya sufuria. Kijiko kimoja cha chakula kwa sufuria yote ya watu wanne kinatosha uji ukiwa umeiva, maana nafaka iliyopikwa sana ina utamu wake. Tende tatu zilizotolewa kokwa na kupondwa zinafanya kazi hiyo hiyo na zinaongeza nyuzinyuzi. Sukari guru ina ladha nzuri, lakini ni sukari.

Tui la kwanza, lile zito, litie sukari ikishayeyuka. Nusu kikombe, koroga, ngoja dakika mbili bila ya kutokota kwa nguvu, teremsha. Wanga wa uji hulilinda tui lisikatike, tofauti na mchuzi, lakini ukichemsha sana mafuta yatajitenga na kuelea juu. Kwa viungo, ponda iliki mbili na uzitie pamoja na tui, maana harufu yake hupotea kwa kuchemka muda mrefu. Tangawizi iliyotwangwa hutangulia, ipikwe. Pilipili manga kidogo inaupendeza mtama kuliko ulezi. Karafuu, hata kwa Mpemba, ni moja tu kwa sufuria nzima, na uitoe kabla ya kupakua. Mbili zitaua ladha nyengine zote. Kungumanga ni ya kukwangua kidogo juu ya bakuli.

Mwenye upungufu wa damu afuate njia nyengine. Aache tui, atie unga wa ubuyu mweupe, kijiko kimoja kwa bakuli, uji ukishateremshwa na kupoa kidogo. Ubuyu una vitamini C, ambayo husaidia mwili kuchukua chuma, na moto mkali huipunguza. Usizungumzie ubuyu mwekundu wa kutafuna, ule umejaa sukari na rangi. Na ubuyu usiuchanganye na tui: asidi itakata. Chai ya rangi nayo isinywewe pamoja na uji huu. Ina tanini inayozuia chuma, basi isubiri saa moja.

Chenga na punje, kwa kutumia chupa ya chai

Ngano au mtama uliopaazwa unashinda unga kwa shibe, kwa sababu chembe kubwa humeng'enywa polepole. Tatizo ni muda na gharama ya moto. Chupa ya chai iliyo nzuri inalimaliza tatizo hilo.

Lowesha gramu 120 za chenga tangu alasiri. Usiku mwaga maji yake, tia mililita 700 za maji mapya na chumvi, chemsha kwa dakika tano kamili. Wakati huo jaza chupa ya lita moja maji yanayochemka, iache dakika tano ipate moto, yamwage. Mimina uji ukiwa unatokota, acha nafasi ya vidole viwili juu, funga sawasawa. Baada ya saa sita au saba chenga zimefura na kulainika. Asubuhi mimina sufuriani, ongeza tui, uchemke dakika tatu, kazi imekwisha.

Hapa kuna jambo la usalama ambalo halina mjadala. Asubuhi uji unaotoka kwenye chupa lazima uwe wa moto wa kuunguza ulimi. Ukitoka vuguvugu, chupa haishiki joto, na chakula cha wanga kilicholala vuguvugu usiku kucha huota bakteria ambao baadhi ya sumu zao haziondoki kwa kuchemshwa tena. Mwaga, na chupa hiyo isitumike kwa kazi hii. Pia chagua yenye mdomo mpana, la sivyo hutaweza kuisafisha.

Punje nzima za mtama, zikiloweshwa usiku kucha, huchukua kama saa moja kwa sufuria ya kawaida au dakika 25 hadi 30 kwa sufuria ya presha. Sufuria ya presha isizidi nusu, maana povu la nafaka huziba tundu la mvuke.

Wenye kisukari, na watoto

Kumeenea usemi kwamba uji wa ulezi "hauna sukari", kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anywe atakavyo. Si kweli. Zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa ulezi ni wanga, na wanga huwa sukari tumboni. Uji mwepesi wa unga laini hupandisha sukari haraka hata bila ya kutiwa kijiko kimoja cha sukari. Mwenye kisukari achague chenga badala ya unga, uji mzito wa kula kwa kijiko, bakuli moja dogo, na pembeni yai la kuchemsha au kunde. Kisha apime sukari yake saa mbili baadaye, apate kujua bakuli lake yeye linafanya nini. Dawa zake aendelee nazo kama alivyoelekezwa.

Mtoto wa miezi sita anaanza kula, na kosa kubwa ni kumpa uji wa maji. Tumbo lake ni dogo. Likijaa maji, hana nafasi ya chakula. Uji wake ukiinamishwa kijiko usitiririke. Lakini uji mzito mno humshinda kumeza, na hapa ndipo kimea kinaposaidia. Lowesha punje za ulezi saa 12, zifunike kwa kitambaa kibichi siku mbili hadi tatu zichipue, zianike zikauke kabisa, zisugue uondoe vimizizi, saga. Pika uji mzito, uteremshe, ungoje dakika tano, tia kijiko cha chai cha unga wa kimea kwa kila bakuli na ukoroge. Ndani ya dakika kumi uji unalegea bila ya kuongezwa maji, maana kimea huukata wanga vipande vifupi. Urudishe jikoni uchemke mara moja, umpoozee. Kimea kikitiwa uji ukiwa bado unatokota hakifanyi kazi, moto unakiua. Na kimea kiwe cha ulezi: mtama ukichipua, machipukizi yake hutengeneza sumu ya sayanaidi. Asali asipewe mtoto asiyetimiza mwaka.

Gharama zipige mwenyewe kwa bei ya soko lako. Uji wa kunywa unachukua gramu 30 za unga kwa mtu. Uji mzito wa mtu anayekwenda shamba au kuvua, gramu 50. Kilo moja, kwa hiyo, ni mabakuli 33 ya wepesi au 20 ya uzito. Gawa bei ya kilo kwa idadi hiyo, ongeza nazi moja kwa siku mbili na makaa au gesi ya nusu saa, kisha linganisha na maandazi mawili na chai kwa kila mtu wa nyumba. Ghali kuliko vyote kwenye sufuria hii ni nazi, na siku isipokuwepo, maziwa au karanga za kutwanga zinajaza nafasi yake.

Uji wenye tui usiwekwe mezani hadi mchana, utachacha. Usio na tui, ukipoa, uingie kwenye friji, na utakaa siku mbili. Utakuwa umeganda, maana wanga ukipoa hujikaza tena. Uponde kwa mwiko, ongeza maji ya moto robo kikombe kwa kila bakuli, uchemshe ukiukoroga. Ukibaki kikombe kimoja tu, kisichotosha mtu, changanya na kikombe cha unga wa ngano, yai, chumvi na maji kidogo, uchome chapati za maji.